Neno moja 'mafuta' laua giaboksi: Walimu wa Kiswahili wako wapi?

Dai moja limezoeleka mno miongoni mwa wasomi wetu, nalo ni kwamba Kiswahili hutosha kwa nyimbo, siasa na salamu, lakini hupwaya mara tu kinapofikishwa mbele ya mitambo. Dai hili husikika hata katika majumba ya walimu wakati wa chai, na aghalabu hutolewa na watu ambao hawajawahi kusimama hata nusu saa katika karakana moja ya Kariobangi Light Industries wakasikiliza jinsi mafundi wanavyoelezana kazi. Nionavyo mimi, dai hilo ni uongo kwa sehemu kubwa na ni kweli kwa sehemu ndogo. Lakini sehemu hiyo ndogo ina madhara makubwa, na dawa yake imo mikononi mwa walimu na wanafunzi wa lugha kuliko mtu mwingine yeyote.

Ili nisiwachoshe wasomaji kwa nadharia tupu, nitachukua kazi moja tu ya karakana na kuichunguza kwa jicho la mwanaisimu. Kazi yenyewe ni kuhudumia giaboksi ya otomatiki ya gari la zamani.

Huenda mtu akauliza, kwa nini gari la zamani? Ukipita katika mitaa ya Eastlands hapa Nairobi, kuanzia Jericho na Buruburu hadi Umoja na Kayole, hutakosa kuona Peugeot 504 au Mercedes-Benz ya aina ya W123 imeegeshwa kando ya nyumba. Haya ni magari yenye historia. Peugeot 504 ilizinduliwa Ufaransa mwaka 1968, ikashinda mbio za Safari Rally mwaka 1975 na tena mwaka 1978, na kwa miaka mingi iliunganishwa papa hapa nchini. Mercedes W123 ilitengenezwa Ujerumani baina ya mwaka 1975 na 1986, na idadi yake inakaribia milioni 2.7 duniani kote. Ni magari ya kampuni hiyo yaliyokipa Kiswahili neno 'Wabenzi', jina la kejeli walilopewa wakubwa wapya baada ya uhuru. Wabenzi wenyewe wamekwisha kuhamia magari mengine. Magari yao ya jana yamebaki kwa watu wa kawaida, wengine wakiyatunza kwa sababu ya mapenzi, na wengine kwa sababu hawana jingine.

Magari haya hayaongezeki. Kanuni zetu kwa kawaida haziruhusu kuingizwa nchini gari lililozidi umri wa miaka minane, kwa hiyo gari la mwaka 1980 likifa, limekufa. Uhai wake unategemea fundi. Na katika gari zima hakuna kiungo kinachomtia fundi hofu kama giaboksi ya otomatiki.

Hofu hiyo ina sababu. Giaboksi ya kawaida, ile ambayo dereva hubadilisha gia kwa mkono na kukanyaga klachi, ni rahisi kuielewa: ni meno ya chuma yanayoshikana na kuachana. Giaboksi ya otomatiki ni jambo jingine kabisa. Baina yake na injini pana chombo cha mviringo ambacho mafundi hukiita konvata. Ndani ya konvata mna pangaboi mbili zinazotazamana zikiwa zimezama katika mafuta. Injini huzungusha pangaboi ya kwanza, mafuta yakarushwa kwa nguvu juu ya pangaboi ya pili, nayo ikazunguka na kulisukuma gari. Nyuma ya konvata kuna gia zilizopangwa mfano wa sayari: moja katikati kama jua, nyingine zikiizunguka, na pete ya meno ikizifunika zote kwa nje. Ili gari lipate gia ya kwanza, ya pili au ya tatu, sharti sehemu moja ya mpango huo izuiwe na nyingine iachwe izunguke. Kazi ya kuzuia na kuachilia hufanywa na sahani za klachi pamoja na mikanda ya chuma. Ni nani anayezibana sahani hizo na mikanda hiyo? Ni mafuta, yakisukumwa na pampu kupitia bamba lenye vali na vijia vyembamba vinavyopindapinda kama mzingile.

Kwa hiyo mafuta ya giaboksi hii yana kazi nne kwa wakati mmoja. Yanasafirisha nguvu ya injini ndani ya konvata, yanabana klachi na mikanda, yanapoza joto, na yanalainisha vyuma visisagane. Hii ndiyo sababu gari la namna hii, betri inapokwisha nguvu, vijana wa mtaa hulisukuma mpaka wakachoka bila injini kuwaka: katika giaboksi nyingi za aina hii pampu huzungushwa na injini, na bila pampu hakuna shinikizo la mafuta, na bila shinikizo hakuna gia inayoshika. Hii ndiyo sababu pia gari hilo halifai kuvutwa mwendo mrefu magurudumu yake ya kuendeshea yakiwa chini, kwa maana vyuma vya ndani huzunguka vikiwa vikavu.

Sasa tulirudie neno lenyewe, mafuta. Kiswahili chetu cha kila siku huliita jina hilo moja lile tulilokaangia samaki, lile tulilojipaka asubuhi, lile tulilotia kwenye tangi pale kituoni, lile lililomo ndani ya injini na lile lililomo ndani ya giaboksi. Nyumbani hakuna tatizo, kwani muktadha hueleza. Karakanani ni vingine. Hebu tuyasikilize mazungumzo ambayo yanaweza kutokea katika duka lolote la vipuri, baina ya mwenye gari na kijana anayeuza:

"Kijana wangu, nipe mafuta ya giaboksi."

"Sawa mzee. Lita ngapi?"

"Nipe nne kwanza."

Wote wawili wamesema Kiswahili sanifu kisichokuwa na dosari. Hakuna aliyedanganya wala aliyezembea. Lakini kijana anapogeuka kuelekea rafuni, mkono wake unaweza kuchukua mafuta mazito ya giaboksi ya mkono, mazito karibu kama asali, na mzee akaondoka ameridhika. Mafuta hayo yakimiminwa ndani ya giaboksi ya otomatiki hayawezi kupita ipasavyo katika vile vijia vyembamba. Shinikizo hupungua, sahani za klachi zinateleza badala ya kushika, zinapata moto, utando wake unaungua. Huenda gari likafika nyumbani. Huenda likatembea juma zima. Kisha siku moja linakataa kwenda mbele wala nyuma, na anayelaumiwa ni yule kijana mwanagenzi aliyetumwa kuyamimina, ambaye labda hata mshahara hana, analipwa kwa chakula cha mchana na ahadi ya kufundishwa kazi. Giaboksi imeuawa na umaskini wa neno.

Na msiba huu hauishii kwenye giaboksi. Mafuta ya breki nayo huitwa mafuta, ilhali ukitia mafuta ya injini katika mfumo wa breki, raba zake huvimba na kuharibika, na hapo hatuzungumzii tena hasara ya fedha. Tunazungumzia roho za watu.

Mafundi wameliona tatizo hili kabla yetu sisi wenye shahada. Wengi wao wamekwisha kugawanya uwanja wa maana kwa njia yao wenyewe: 'mafuta' wamewaachia petroli na dizeli, 'oili' ni ya injini, 'grisi' ni ile nzito ya kupaka. Kwa giaboksi ya otomatiki wengine husema 'haidroliki', wengine hutamka zile herufi tatu zilizoandikwa koponi, A, T na F, na wengine husema 'mafuta mekundu', kwa sababu watengenezaji huyatia rangi nyekundu ili yasichanganywe na mengine. Huo ni uundaji wa istilahi kwa maana kamili ya neno hilo. Umefanyika juani, bila kamati, bila posho ya kikao.

Hata hivyo, 'mafuta mekundu' bado hayajamaliza kazi. Mekundu yenyewe ni ya aina nyingi. Kampuni ya General Motors ya Marekani ilianza kutumia jina la Dexron katika miaka ya 1960, na tangu hapo aina mpya zimekuwa zikitoka. Hapo awali mafuta ya namna hii yalitiwa mafuta ya nyangumi ili klachi zishike kwa ulaini, mpaka Marekani ilipopiga marufuku biashara ya nyangumi mwanzoni mwa miaka ya 1970 na watengenezaji wakalazimika kutafuta kemikali badala yake. Ford nayo ilikuwa na mafuta yake ya Type F, ambayo hayakutiwa kilainishi hicho na hivyo huzifanya klachi zishike upesi na kwa ukali zaidi. Baadhi ya magari ya Uingereza yenye giaboksi za Borg-Warner yalitaka mafuta ya aina hiyo ya pili. Ukiyatazama ndani ya chupa mawili hayo, yote ni mekundu, ni mepesi, yanafanana kama pacha. Ndani ya giaboksi hayafanani. Basi tunahitaji maneno yatakayobainisha mafuta ya mshiko laini na mafuta ya mshiko mkali. Naam, nimekwisha kuyataja, na hayakuhitaji kukopwa popote.

Nisije nikaeleweka vibaya nikadhaniwa nasema karakana ni mahali pa upungufu tu. Ukweli ni kwamba katika vitenzi, fundi wa Eastlands ana utajiri unaoweza kumtia wivu mtunga kamusi. Msikilize akimhoji mteja: "Gia inateleza, inasita, au inagonga?" Maneno hayo matatu ni vipimo vitatu. Gia inayoteleza ni ile ambayo injini inapiga kelele na kasi haiongezeki. Hapo fundi atashuku kwamba mafuta yamepungua au sahani za klachi zimelika. Gia inayosita ni ile inayochelewa kushika pale unapotoa wenzo wa gia kwenye P au N na kuutia kwenye D, hasa asubuhi gari likiwa baridi. Hapo atafikiria mafuta kupungua tena, au raba za ndani zilizokakamaa kwa uzee. Gia inayogonga ni ile inayoingia kwa kishindo mpaka abiria akatikisika. Katika Mercedes ya zama hizo fundi mzoefu atakwenda moja kwa moja kutazama vipira vya hewa na kile kifaa kidogo kinachopima mvuto wa hewa kutoka kwenye injini ili kuamua shinikizo la mafuta. Kipira kikipasuka, gia hugonga. Kwa hiyo kosa la kipira cha bei ndogo huweza kumfanya mtu asiyejua kutofautisha vitenzi afungue giaboksi nzima bure.

Baada ya kuuliza, fundi huchomoa kijiti cha kupimia, anayapaka mafuta kidoleni, anayatazama, anayanusa. Yakiwa mekundu na maangavu, mazima. Yakiwa ya hudhurungi, yamechoka. Yakiwa meusi na yenye harufu ya kuungua, klachi zimekwisha kuanza kufa, na kubadilisha mafuta peke yake hakutazifufua. Hapa ndipo ulipozaliwa ule uvumi wa mitaani kwamba ukibadilisha mafuta ya giaboksi ya zamani unaiua. Mara nyingi giaboksi ya namna hiyo ilikuwa mahututi tangu zamani. Mafuta mapya yalifika kama daktari aliyeitwa usiku wa manane, akalaumiwa kwa mauti. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta, na kubadilisha mafuta kwa wakati wake ndiko kuziba ufa.

Je, kazi hii inaweza kuandikwa kwa Kiswahili, hatua kwa hatua, ikaeleweka? Na tujaribu, tukichukua ile Mercedes W123 kuwa mfano wetu.

Kwanza, gari liegeshwe mahali tambarare, injini ichemke kidogo ili mafuta yawe mepesi, kisha izimwe. Gari liinuliwe na kuwekwa juu ya stendi imara, kwani jeki peke yake si rafiki wa kuaminiwa. Nati ya chini ya sampu ifunguliwe, mafuta yamwagike ndani ya beseni. Konvata pia ina nati yake ya kumwagia. Injini izungushwe polepole kwa spana mpaka nati hiyo ionekane kwenye tundu, nayo ifunguliwe. Anayesahau konvata huacha humo sehemu kubwa ya mafuta ya zamani. Sampu ishushwe na ioshwe, na masizi yaliyotuama humo yachunguzwe: vumbi laini la kijivu ni uchakavu wa kawaida, vipande vya chuma ni dalili ya maradhi. Chujio kuukuu litolewe, jipya litiwe, pamoja na gasketi mpya. Boliti za sampu zikazwe kwa mkono mwepesi na kwa kupokezana, kwa maana ni ndogo na hukatika upesi.

Hapo ndipo mafuta mapya hutiwa kupitia katika bomba la kijiti cha kupimia, kwa faneli safi. Ziingie lita nne kwanza, injini iwashwe, wenzo wa gia upitishwe taratibu katika kila alama, breki ikiwa imekanyagwa, kisha mafuta yaongezwe kidogo kidogo. Kipimo cha mwisho huchukuliwa mafuta yakiwa ya moto, injini ikinguruma taratibu, wenzo ukiwa kwenye P. Baina ya alama ya chini na ya juu ya kijiti pana nafasi ya theluthi moja ya lita tu, hivyo anayemimina kwa pupa atazidisha, na mafuta yakizidi huchapwa na gia yakafanya povu, nalo povu haliwezi kubana klachi. Jambo la mwisho ni dogo lakini ni zito: kijiti kisipanguswe kwa tambara lenye nyuzi. Uzi mmoja wa fulana iliyochanika ukiingia ndani huweza kukwamisha vali.

Msomaji ataona kwamba nimetumia maneno ya asili na ya kukopa bila ubaguzi. Sampu, gasketi, faneli, boliti na vali yamekopwa kutoka Kiingereza. Sioni aibu yoyote, kwani Kiswahili kimefanya hivyo tangu zamani na kikanenepa. Neno 'gari' lenyewe lilikuja na watu wa Bara Hindi, na 'karakana' lilianza safari yake kwenye Kiajemi. Wakati mwingine lugha hutoa kutoka ghalani mwake yenyewe: 'usukani' ulikuwa wa jahazi kabla haujawa wa gari. Mabaharia wa pwani waliotaja mkuku, mataruma, foromali na demani bila kigugumizi walikuwa mafundi wa jua kali wa zama zao, na leo maneno yao yanapamba kamusi zetu. Yaliingia humo kwa sababu palikuwa na mtu aliyekwenda ufukweni akauliza na kuandika.

Watakuwapo watakaonipinga kwa hoja mbili. Hoja ya kwanza itasema kwamba istilahi ni kazi ya wataalamu, na kwamba lugha ya Eastlands imechanganyika mno na Sheng. Ni kweli kwamba wataalamu wamefanya kazi ya kupigiwa mfano. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu za istilahi za sayansi na za isimu mwaka 1990, na wengi wetu tulisomea humo. Lakini neno hukaa pale linapotumika. Wataalamu walipobuni 'ngamizi', watu walisema 'kompyuta', na hata 'tarakilishi', iliyopokelewa vizuri katika shule za Kenya, haijaliondoa neno hilo madukani. Ama kuhusu Sheng, mitaa ya Eastlands ndiyo inayotajwa kuwa chimbuko lake, na vijana wa karakana huizungumza kama wenzao wote. Mtu asiikatae dhahabu kwa sababu imechimbwa kwenye tope. Kazi ya mwanaisimu ni kuosha na kupima.

Hoja ya pili itasema kwamba magari haya yanaelekea kwisha, magari mapya hupimwa kwa kompyuta, kwa hiyo maarifa haya hayana faida. Mimi naona kinyume. Fundi wa mashine ya zamani alilazimika kutumia sikio, pua na vidole, kisha akatafuta maneno ya kueleza alichohisi. Mafundi hao wanazeeka. Wanapostaafu kurudi mashambani au wanapofariki dunia, vitenzi vyao vinaondoka pamoja nao, na kijana aliyebaki ana chombo cha kompyuta kinachomwonyesha nambari ya hitilafu kwa Kiingereza, lakini hana namna ya kumweleza mwenye gari maana ya nambari hiyo. Mwenye gari asiyeelezwa hulipa asichokijua, au hukataa kulipa kilicho cha haki. Ugomvi mwingi wa karakanani ni ugomvi wa maelezo.

Kuna pia suala la haki. Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti yake mashuhuri kuhusu Kenya mwaka 1972, likautambulisha ulimwengu kwa sekta hii isiyo rasmi. Miaka 20 baadaye, mwaka 1992, serikali ilitoa waraka wa sera kuhusu biashara ndogo na jua kali. Nyaraka zote mbili zilimzungumzia fundi kwa Kiingereza. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, lakini kijana anayetaka kusomea ufundi wa magari bado hukabidhiwa vitabu vya Kiingereza, na yule aliyeachia shule darasa la nane hupangiwa kujifunza kwa kutazama tu. Anaweza kutazama mara mia moja mwalimu wake akimimina mafuta na asijue kwa nini ni haya na si yale.

Nini basi kifanyike? Napendekeza mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji msaada wa wafadhili.

La kwanza ni la walimu wa shule. Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa mwaka 2017 unamtaka mwanafunzi atende, siyo akariri tu. Mwalimu wa Kiswahili wa Makadara au Embakasi ana karakana hatua chache kutoka langoni mwa shule. Awape wanafunzi wake kazi ya kuandika maelezo ya utaratibu wa kazi moja waliyoishuhudia, yawe ya kubadilisha mafuta ya giaboksi au ya kuziba pancha, na fundi mwenyewe asomewe maelezo hayo na ayasahihishe. Insha ya namna hiyo ina msahihishaji asiyeweza kudanganywa. Ikikosea neno, mashine itakosea kazi.

La pili ni la idara zetu za Kiswahili na isimu katika vyuo vikuu. Kila mwaka wanafunzi wetu huandika tasnifu kuhusu riwaya zilezile na tamathali zilezile. Sehemu yao na waelekezwe Kariobangi, Gikomba, Kamukunji na maduka ya vipuri ya Barabara ya Kirinyaga, wakakusanye istilahi, vitenzi na sitiari za mafundi. Waeleze kwa nini injini hukohoa, kwa nini gari hunywa, kwa nini giaboksi hushika, huteleza na hufa. Mafundi waombwe ridhaa, watajwe na washukuriwe, na matokeo yarudishwe kwao kwa kijitabu chepesi cha Kiswahili chenye picha, badala ya kuozea katika rafu za maktaba.

La tatu ni la wenye maduka, na ni dogo kuliko yote. Juu ya rafu ya mafuta pabandikwe karatasi iliyoandikwa kwa Kiswahili kikubwa: haya ni ya injini, haya ni ya giaboksi ya mkono, haya ni ya giaboksi ya otomatiki, haya ni ya breki. Mwanafunzi wa kidato chochote anaweza kuiandika kwa dakika kumi, na mtaa mzima utanufaika.

Walimu wenzangu, neno 'fundi' ni la mzizi mmoja na 'fundisha', na 'mwanafunzi' katika kamusi za zamani alikuwa pia kijana anayejifunza kazi ya mikono. Lugha yenyewe haikututenganisha. Tumejitenga kwa ukuta wa shule na chaki. Upande wa pili wa ukuta huo, jioni hii, kuna kijana aliyelala chali chini ya gari lenye umri kuliko baba yake, mkononi ana spana, pembeni mwake pana makopo mawili, na yote mawili yameitwa mafuta. Anasubiri mtu amwambie ni lipi.